Mwenye Jicho Mkiani

Inatangazwa kwa wananchi wote wa wilaya ya Hatirdanga, kwa wavuvi wa ndoana waliosajiliwa na wasiosajiliwa, na kwa samaki wote wanaohusika, kwamba kuanzia Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Ashwin, hakuna mtu atakayeruhusiwa kumjua samaki bila cheti.

Tangazo hilo niliandika mimi. Nalisema mapema ili sifa ziende kwa mwenyewe. Naitwa Ekhlas, Katibu wa Kamati ya Wilaya ya Utambuzi, Utofautishaji na Uthibitishaji wa Samaki Wanaofanana, na maneno "samaki wote wanaohusika" niliyapata baada ya siku mbili za kutafakari bila kunywa chai.

Wako wanaosema Kamati ilizuka kwa sababu ya aibu ya mtu mmoja. Hao ni wachochezi. Kamati ilizuka kwa sababu ya picha.

Katika Rajdighi, bwawa letu kubwa, kuna majukwaa ya mianzi kumi na mawili, na kila ulingo una mwenyewe. Kila Ijumaa watu hukaa pale na mianzi yao ya kuvulia kutafuta samaki wawili ambao Mungu, kwa hekima yake, aliwapa kichwa kimoja cha nyoka, mwili mmoja mrefu mweusi, na tabia moja ya kumeza vyura na vifaranga vya bata. Mmoja ni shol. Huyo tunamla, tena na mung'unye, na kitoweo kikibaki mtu hulala na sufuria karibu. Wa pili ni gozar. Huyo hatumli. Magozar ni wa walii wetu, Pir Moyna Shah, wanaishi katika bwawa dogo lililo mbele ya kaburi lake, nyuma ya soko. Mafuriko ya mwezi wa Srabon yakija, maji ya mabwawa yote mawili huwa maji mamoja, na magozar hutoka kutembea kama watu wengine. Maji yakishuka, wengine hubaki ugenini. Ukimnasa mmoja Rajdighi, unamwomba radhi, unamtoa ndoana, unamfunga kitambaa chenye maji na kumrudisha kwao. Hilo hata mtoto anayenyonya analijua, kwa sababu kila bibi wa Hatirdanga humbembelezea mjukuu kwa maneno haya:

Mwenye jicho mkiani,
umrudishe bwawani;
mwenye milia mbavuni,
mtumbukize chunguni.

Huo ndio uliokuwa utaratibu mzima kwa miaka mia mbili. Haukuwa na fomu hata moja. Naona haya kukumbuka.

Sasa, Mheshimiwa Nazmus Saqlain, Afisa Mtendaji wa Wilaya, alikuwa ametoka Dhaka miezi mitatu tu iliyotangulia, na samaki alikuwa akiwajua wakiwa vipande. Ijumaa moja alikaa kwenye kiti cha mgeni rasmi kando ya Rajdighi, mimi nikiwa nimemshikia mwavuli, na kwa bahati ambayo hakuna aliyemtakia, alinasa samaki mrefu kama mkono wa mtu. Akamwinua juu, akapiga kelele, "Shol!"

Mpiga picha akapiga. Mkia ukayumba. Pale penye shina la mkia palikuwa na jicho jeusi lenye duara la rangi ya chungwa, likitukodolea wote. Watu arobaini wakatazama mawinguni. Mimi nilitazama kitambaa cha mwavuli, nikagundua kuwa kimeshonwa vizuri sana.

Kutoka ulingo wa saba ikasikika sauti ya Ami Torab Ali, mzee wa miaka sabini, mkavu kama mwanzi wake.

"Mheshimiwa, huyo gozar. Mgeni wa Pir huyo. Mlowanishie kitambaa arudi kwao."

"Nani amesema?"

"Mkia umesema. Mimi nimesoma tu."

Kwa bahati mbaya picha ilikwisha ingia mtandaoni ikiwa na maneno "Mheshimiwa na shol wake", na Kamishna wa mkoa alikwisha andika chini yake, "Hongera! Nitakuja kumla." Mtu mwenye busara ataona ugumu uliokuwapo. Samaki aliyepongezwa na Kamishna hawezi kubadili ukoo. Kwa hiyo Jumamosi Kamati ikaundwa, na samaki akatiwa kwenye pipa la bluu nyuma ya ofisi, kifuniko kikawekewa jiwe, maana samaki hawa huvuta pumzi kama sisi na wakichoka na serikali huruka. Akaitwa Kielelezo Namba Moja.

Mwongozo wa Kamati una kurasa arobaini na saba, ila kiini chake ni vifungu vinne. Kifungu cha Kwanza: shol ni samaki yeyote anayefanana na Kielelezo Namba Moja. Kifungu cha Pili: gozar ni yule mwingine. Kifungu cha Tisa, ambacho Mheshimiwa mwenyewe alikitamka akiwa amesimama: cheti kikishatiwa saini hakifutwi na mamlaka yoyote, ikiwemo iliyokitoa. Na Kifungu cha Kumi na Mbili nilikitia mimi, ili wazee wasiseme tumedharau mila: anayepatikana na gozar ananyang'anywa ulingo wake, na anayemla atasimama Ijumaa saba kwenye ngazi za bwawa la Pir, awalishe magozar kwa mkono wake, na kumwomba radhi kila mmoja kwa kumtaja alivyo, mbele ya watu.

"Kizuri," alisema Mheshimiwa aliposoma. "Kikali. Nani atakayethubutu?"

Utekelezaji ulianza kwa kishindo. Kila samaki alijaziwa fomu nakala tatu, na picha ndogo mbili, akitazama mbele. Hapo palikuwa na ugumu kidogo, kwani samaki hatazami mbele, anatazama pembeni. Dulal kinyozi aliniletea samaki wake kwenye ndoo, akaniuliza mbele za watu, "Kaka Ekhlas, hapa pa saini anasaini yeye au mimi?"

"Alama ya pezi inatosha," nikamjibu.

"Na mama yake mzazi nimwandike nani? Maana wakati namvuta hatukupata nafasi ya kujuana."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikata sehemu ya mama mzazi kwa rula.

Wiki tatu zikapita, na wananchi wakaonyesha utii wa ajabu. Aliyenasa gozar halisi alipewa cheti cha shol, akashukuru, akazunguka nyuma ya soko, na akafika nyumbani bila samaki. Aliyenasa shol halisi alisema hakunasa kitu, ila shati lake lilikuwa linarukaruka. Kwa takwimu zangu, Rajdighi halikuwa tena na samaki hata mmoja. Mheshimiwa aliandika katika ripoti kwamba migogoro ya utambuzi imeshuka kwa asilimia mia.

Aliyeharibu hesabu hiyo ni Ami Torab. Yeye alinasa shol mwenye milia iliyokolea, akapita naye katikati ya soko mchana kweupe, akaja kumlaza juu ya meza ya Kamati, juu ya kalenda.

"Asalaam aleikum. Huyu ni shol. Andikeni niende, mke wangu keshamenya mung'unye."

Mheshimiwa alifungua Mwongozo, akatazama picha yake mwenyewe akiwa na Kielelezo, akamtazama samaki, akatazama tena picha.

"Huyu hafanani na Kielelezo."

"Hafanani kweli. Hapo tumekubaliana."

"Basi ni gozar."

"Mheshimiwa, hebu mgeuze. Jicho liko wapi mkiani? Hakuna. Milia hii hapa. Miaka hamsini nimekaa pale, sijawahi kuona..."

"Mzee, una cheti?"

"Cha nini?"

"Cha kumjua samaki."

"Nina macho."

"Macho si cheti," alisema Mheshimiwa, na nikakiri moyoni kwamba sentensi hiyo ilistahili kuchapwa ukutani.

Yeye akatia saini, mimi nikagonga mhuri mara mbili. Gozar, imethibitishwa bila shaka yoyote. Kwa Kifungu cha Kumi na Mbili, Torab Ali akanyang'anywa ulingo wa saba. Ungepewa mwombaji mwingine mwenye sifa, na kwa bahati njema mwombaji alikuwa mmoja tu: Tuhin, shemeji yake Mheshimiwa, kijana anayevua akiwa amevaa miwani ya jua na kuwaza kwa sauti kwamba kiti hakina mto.

Ami Torab hakuangalia samaki tena. Mkono wake ulibaki juu ya meza.

"Mwanangu," aliniambia mimi, si Mheshimiwa, "miti ya ulingo ule baba yangu aliizamisha akiwa ndani ya maji mpaka kifuani. Alifia pale pale, mwanzi mkononi, tukadhani anasubiri samaki. Mchukueni huyu mliyemwita gozar. Mkaangeni, mtundikeni, mumpe cheo. Ulingo niachieni."

Niliandika: "Mtuhumiwa alitoa maoni." Wino ukavuja kidogo. Kalamu zile za serikali si nzuri.

Samaki wake akatiwa kwenye pipa jekundu, likabandikwa karatasi: GOZAR. Pipa la bluu lilikuwa na karatasi yake: SHOL. Yote yakawa tayari kwa ujio wa Kamishna, Ijumaa iliyofuata. Ratiba niliipanga mimi. Saa nne, kumrudisha gozar kwenye bwawa la Pir kwa heshima zote za serikali. Saa saba, chakula cha mchana: Kielelezo Namba Moja na mung'unye. Baada ya chakula, kutia saini hati ya ulingo wa saba. Mheshimiwa alisema mashaka yote ya mji yatamalizika ndani ya sufuria.

Mpishi wa ofisi ni Bi Jomila, mama mnene mwenye sauti ya kipaza sauti cha msikitini. Asubuhi ile nilimpa maagizo rasmi.

"Wa pipa la bluu apikwe. Wa pipa jekundu umtie kwenye gunia bichi, nimpeleke."

Akafunua pipa la bluu, akachungulia, akafunika.

"Huyu ndiye wa kupikwa?"

"Huyo."

"Karatasi inasema hivyo?"

"Inasema."

"Sawa," akasema.

Nimejifunza tangu siku ile kwamba neno "sawa" katika kinywa cha mpishi halina nguvu yoyote ya kisheria.

Saa nne tulikuwa kwenye ngazi za bwawa la Pir. Kulikuwa na tarumbeta mbili na ngoma. Mheshimiwa na Kamishna walisimama ngazi ya juu, penye kipaza sauti na kivuli. Mimi nilishuka mpaka majini na gunia langu. Nikalifungua. Samaki akateleza, akapiga mkia mara moja, na jicho jeusi lenye duara la rangi ya chungwa likanitazama, likazama.

Umati ukavuta pumzi, kisha ukanyamaza kwa pamoja, kwa ule ukimya wa watu wanaojua kitu kitamu. Mimi nikatoa daftari, nikaandika: "Gozar amerudishwa bwawani." Katika miaka minane ya utumishi wangu ilikuwa mara ya kwanza kuandika jambo la kweli, na mkono haukulizoea.

Ami Torab alikuwa amesimama kando yangu, maji yakimfika vifundoni.

"Ekhlas."

"Naam, Ami."

"Huyu si wangu."

"Kimaandishi ni wako."

"Kimaandishi nimesikia. Nauliza kimchuzi. Wangu yuko wapi?"

Kwa mbali, kutoka upande wa ofisi, upepo ulileta harufu ya vitunguu, binzari na mung'unye.

Saa saba tukakaa mezani. Kamishna Wahiduzzaman ni mtu mkubwa kwa cheo na kwa kiuno, lakini alizaliwa katika nchi hii hii ya mabwawa, mwendo wa mashua wa asubuhi moja kutoka kwetu. Alikunja mikono ya shati, akaingiza vidole kwenye wali, na hakusema neno mpaka sahani ya pili.

"Nazmus," akasema hatimaye, "huyu ndiye shol. Nyama inaachia mwiba yenyewe. Sijala shol wa hivi tangu nilipooa."

Mheshimiwa akainuka. Niliona machozi karibu yamtoke. "Mheshimiwa Kamishna, kinywa chako kimeithibitisha Kamati! Walisema Kielelezo si shol. Wasiosoma, wasio na vyeti! Katibu, lete hati ya ulingo wa saba."

Nikaleta. Tuhin akavua miwani ili aonekane vizuri kwenye picha. Kalamu ikafunguliwa. Na hapo mlangoni ikasikika salaam.

"Asalaam aleikum. Samahanini kwa kuwakatisha tonge," alisema Ami Torab. "Nimekuja kuulizia samaki wangu."

"Samaki wako ameachiwa huru asubuhi," Mheshimiwa akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwapo."

"Aliyeachiwa ana jicho mkiani. Wangu ana milia."

"Mzee, tumekwisha kuambia. Huna cheti."

Lakini tonge la Kamishna lilikuwa limesimama hewani, katikati ya sahani na mdomo.

"Jicho mkiani?" akauliza taratibu. "Nazmus, asubuhi mmemwachia mwenye jicho mkiani?" Akageuka upande wa jikoni. "Mama! Hebu njoo. Leo umepika yupi?"

Bi Jomila akatokea akijifuta mikono. "Wa pipa jekundu, baba. Wa Torab."

"Nilisema wa bluu!" Mheshimiwa akapaza sauti. "Karatasi ilikuwa imebandikwa! Herufi kubwa!"

"Wa bluu alikuwa mgeni wa Pir. Sufuria yangu ina miaka ishirini, haijapika mgeni, na haitaanza leo."

"Na karatasi?"

"Mimi sisomi karatasi, Mheshimiwa. Nasoma mkia."

Madirisha yote ya ukumbi yalikuwa yamejaa vichwa. Dulal kinyozi alikuwa amebeba mtu mabegani. Kamishna aliniomba nisome cheti cha samaki wa pipa jekundu. Nikasoma kwa sauti ya kazi: "Gozar. Imethibitishwa bila shaka yoyote. Mihuri miwili." Akaniomba nisome adhabu ya anayemla. Nikasoma Kifungu cha Kumi na Mbili chote, na niseme ukweli, kilisikika vizuri.

Kamishna akalitazama tonge lake.

"Kwa hiyo mimi nimekula nini?"

"Kimsingi, Mheshimiwa..." akaanza Mheshimiwa wetu.

"Sikuulizi kimsingi. Nakuuliza tumboni. Nisikilize vizuri, Nazmus. Kama karatasi yako ni kweli, mimi na wewe tumemla mgeni wa Pir Moyna Shah mbele ya wilaya nzima, na mama yangu yu hai, ana miaka themanini na tisa, na atapata habari kabla ya magharibi. Kama karatasi yako ni uongo, basi nimekula shol, huyu mzee hana kosa, na yule unayemwinua kwenye picha ni gozar. Chagua. Na uchague upesi, hili tonge linapoa."

Feni ikazunguka. Tuhin akavaa tena miwani.

"Ni... shol," akasema Mheshimiwa.

"Madirishani hawajasikia."

"Aliyeliwa ni shol!"

"Na wa kwenye picha?"

Mheshimiwa akaangalia dari, kule kule juu sisi sote tulikoangalia siku ile kando ya Rajdighi. "Gozar," akasema.

Kamishna akameza tonge. Huko nje watu walishangilia kama vile mvua imekatika. Akachukua hati ya ulingo wa saba, akajifutia vidole vyenye mchuzi, akamwambia Ami Torab, "Mzee, nenda kakae kwako." Ami Torab aliukamata ubao wa mlango kwa muda, kana kwamba ndio mti wa ulingo aliouzamisha baba yake, kisha akatoka.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mimi ni Katibu, na Katibu ana heshima yake. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Kamishna, kuna jambo la utaratibu. Kwa Kifungu cha Tisa, cheti kikitiwa saini hakifutwi na mamlaka yoyote. Kwa hiyo samaki huyu, ingawa ni shol, bado ni gozar."

Mheshimiwa alinitazama kama mtu anayetazama shimo alilochimba kwa koleo lake mwenyewe. Kamishna akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Cheti kinamfunga nani?"

"Aliyekitia saini, Mheshimiwa."

"Mimi sikutia saini. Mimi nimekula shol. Nazmus ametia saini, kwa hiyo Nazmus amekula gozar. Ijumaa saba, si ndivyo? Na mhuri uligonga nani?"

Sikuhitaji kuangalia daftari.

"Basi wewe utamshikia bakuli."

Leo ilikuwa Ijumaa ya tano, na ripoti hii naiandika nikiwa na magamba kwenye mikono ya shati. Kila wiki Mheshimiwa hushuka ngazi peku, huchukua visamaki kwenye bakuli langu, na kila gozar anayekuja juu humtaja alivyo na kumwomba radhi. Mwanzoni alikuwa akikosea, na bibi mmoja aliyekaa ngazi ya tatu alikuwa akimrudisha mwanzo wa wimbo: "Mkiani, baba, anza mkiani." Sasa hakosei. Wiki iliyopita nilimsikia akiuimba wimbo ule ofisini peke yake, akitia saini mambo ya barabara.

Leo Ami Torab alipita akitoka Rajdighi, mwanzi begani, samaki mrefu mweusi akining'inia kwenye kamba. Akasimama.

"Mheshimiwa, hebu nisaidie. Macho yangu ya kizee. Huyu ni nani?"

Mheshimiwa hakufungua Mwongozo. Akainama, akaushika mkia, akaugeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye milia. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyekutana na jamaa.

"Huyu ni shol, Ami. Shol kabisa. Mpeleke chunguni."

"Ahaa," akasema Ami Torab, akatuangalia sote ngazi kwa ngazi. "Una cheti?"

Kicheko kilichopasuka pale kiliwaleta magozar wote juu. Mheshimiwa mwenyewe alicheka mpaka akakaa majini. Aliyefika karibu zaidi alikuwa Kielelezo Namba Moja. Akapokea kisamaki chake, akageuka, akaenda zake polepole huku bado akitutazama.